Gitaa Lako Nimelipeleka Timbwani

Kaka yangu Mwakio,

Sikuulizi hali. Ulipo hakuna anayeulizwa hali, na hali yangu mimi ungeijua kwa kunitazama mikono. Bado nabeba magunia, bado nalala chumba kile kile cha Chaani, kwenye kitanda chako, maana changu kilivunjika. Nakuandikia kwa sababu nimeliuza gitaa lako, na siku ya kuliuza nilijua jambo ambalo sina mtu mwingine wa kumwambia.

Shemeji Mghoi aliniandikia kutoka nyumbani. Nyasi za paa zimeoza, na upande wa watoto mvua inaingia. Aliuliza kama mumewe aliacha chochote. Nikamjibu upesi kwamba uliacha gitaa la Kizungu, na kwamba litaezeka nyumba nzima kwa mabati. Unaikumbuka ile karatasi iliyobandikwa ndani yake, yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma? Mimi niliiona kama hati ya shamba. Na yule Mzungu uliyempikia, siku alipofunga mizigo kurudi kwao, si alikukabidhi akisema, "Mpishi, hiki ni kitu kizuri, kitunze"? Mengine nikayajumlisha mwenyewe.

Nilielekezwa Timbwani, kwa mzee anayetengeneza udi, zile ala za nyuzi za wapiga taarabu. Jumapili nikavuka kwa feri nimelifunga gitaa kwenye shuka lako. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalipokea kwa mikono miwili. Akaligonga kwa kidole, akaitazama shingo yake kwa jicho moja. Kisha akaupapasa ubao wa mbele, pale ulipovimba.

"Hili lalikuwa gitaa la haja," akasema. "Lalitengezwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Ni nani alotia chuma humu? Chuma chavuta mno. Kimeliumiza."

Wewe unajua ni nani. Ulikuwa mshahara wangu wa kwanza, nikaja mbio kutoka mjini na pakiti ya nyuzi za chuma zinazong'aa. Nikakuambia, "Kaka, hizi zitasikika mpaka Miritini." Ukacheka, ukazitia jioni ile ile, ukanipigia mpaka vidole vikakuchubuka.

"Kwani haliuziki?" nikamuuliza mzee.

"Lauzika. Bei ya kuni, na kidogo juu yake." Akacheka, kisha akauona uso wangu, akaacha. "Mwanangu, mwenyewe alijua. Tazama hivi vya kukazia nyuzi vilivyolika. Alikuwa akizilegeza kila akimaliza kupiga. Lau si hivyo, shingo hii ingalipinda zamani."

Nikakaa kwenye mkeka wake bila kukaribishwa.

Nilikuwa nikikucheka, kaka. Kila jioni unazikaza, unatafuta sauti, unapiga nyimbo mbili tatu, kisha unazilegeza zote. "Wewe ni kama mtu anayejenga kibanda alale, asubuhi akibomoe," nilikuambia. Ukanijibu, "Liache lipumzike. Nalo limefanya kazi."

Miaka minne. Ungezitoa tu. Ungeniambia zinaliharibu, ningenuna siku mbili na yangekwisha. Lakini ulirudi kutoka jikoni kwa watu umechoka, miguu imevimba, na bado ukafanya kazi ile kila siku, kwa kuwa nyuzi zilinunuliwa na mdogo wako.

Na kuna hili, ambalo sikumwambia hata mzee. Ulipolazwa, mara mbili ulinituma nizilegeze. Mara zote mbili nilisema nitafanya. Nilifika chumbani nimechoka, nikalala. Gitaa lilining'inia ukutani limekazwa hadi tulipokuzika, na baada ya hapo sikuweza kuligusa. Nadhani ndipo ubao ulipovimba. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa nyuzi, maana nyuzi nilizileta kwa kutojua.

Mzee alinipa zaidi ya alivyosema kwanza. Nadhani alinihurumia. Fedha hizo zimetosha mabati ya upande wa watoto, na nimeyatuma kwa treni kabla ya mvua za vuli.

Hapa watu wanashona nguo za sikukuu ya Uhuru. Wenzetu wa Taita wamekwisha kuagana, wataisherehekea nyumbani. Nilitaka kwenda nao, nilione kaburi la mama, nile chakula kilichopikwa na mtu anayenijua. Sitakwenda mwaka huu, wala sidhani mwaka ujao.

Nimemwandikia shemeji kwamba gitaa lako lilipata bei niliyomwahidi, ila mnunuzi ni mtu wa kulipa kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi. Sikumwambia kwamba mnunuzi huyo ni mimi. Amejibu kwamba kila akisali humwombea mtu huyo asikose kazi, na mgongo wake usimuume.

Nami huku, kaka, naitikia amina.

Pumzika.

Mdogo wako uliyemlea