Shingo ya Babu

Sumbawanga, Jumanne

Kamba haikunisumbua. Niliifuta pichani kwa kompyuta asubuhi hapa studio, nikamvalisha marehemu koti. Shingo ndiyo ilikataa kunyooka.

Mteja wangu, mzee kutoka Mpui, hana picha nyingine ya babu yake. Wajerumani walimnyonga mbele ya watu, kisha wakampiga picha hii akining'inia. Mzee anaitaka kwa misa ya kumwombea. "Mwanangu, mnyooshe naye awe kama watu."

Nani aliye hai anajua alivyokuwa akisimama?

Mchana nimejipiga picha, nikakata shingo yangu, nikampachika. Mungu wangu, imekaa!

Kesho mzee atafurahi, ndiyo hofu yangu. Atawaonyesha wajukuu: "Oneni, shingo ya ukoo wetu hiyo."

Nami nitaitikia, "Ndiyo, mzee."