Dada Anaitikia Santuri

Kiruruma, Jumapili alasiri. Ukungu umekaa migombani tangu asubuhi.

Daftari, wewe ndiye pekee usiyenikatiza, basi sikiliza.

Kiruruma nzima gramafoni ni moja, nayo ni yangu. Nilipigana Burma mimi. Huko niliwaona Wamarekani weusi wakichonga barabara mlimani: mmoja anatoa wimbo, wenzake wanaitikia, sururu zinashuka pamoja. Walisema babu zao waliimba hivyo mashambani, utumwani, na humo ndimo ulimozaliwa muziki wanaouita bluzi. Mwimbaji anatoa mstari, anaurudia uleule, kisha wa tatu anaujibu.

Hayo ni kweli tupu.

Uongo nimeusema leo. Baada ya misa majirani walikuja na rubisi yao, pombe ya ndizi, nikaweka santuri. Mtu anaimba peke yake, na kila mara anaacha nafasi, kama anangoja wenzake. Nikajitapa, "Huyu namjua! Tumekula sahani moja."

"Ewe Mzee Burma," jirani akasema, "si juzi tu ulikula na mfalme?" Wakacheka.

Dada yangu Kokugonza hakucheka. Mumewe alikuwa mtoa nyimbo machimboni Kyerwa, wanakochimba bati. Shimo lilibomoka na mwili haukupatikana. Mwaka wa tatu huu dada hajakubali kuwa amekufa. Kwa shida sana tulimshawishi tuanue matanga Jumamosi ijayo.

Santuri ikafika penye nafasi, dada akaitikia. Kwa Kinyambo, maneno yale ya wachimbaji. Yakakaa barabara.

Majirani wakabeba vibuyu vyao, wakaondoka bila kuaga.

"Kaka," akaniuliza, "huyo rafiki yako anayeimba, alikwambia yuko wapi sasa?"

Mimi, niliyemkaba chui kule Nyakakika kwa mikono miwili, nilishindwa kusema nimedanganya.

Nikasema, "Mbali kidogo."

Mbali kidogo! Akashukuru, akapiga goti kabisa. Kisha akasema ile ni sauti ya mumewe, Jumamosi watu wasije, haanuliwi matanga mtu aliye hai.

Nimeitoa sindano. Santuri nimeifungia sandukuni na sanduku nimelikalia, hapa ninapoandika.

Dada yuko jikoni anamenya ndizi. Anaitikia. Ananyamaza kiasi cha mstari mmoja, anaitikia tena.

Kabla ndizi hazijaiva nitakwenda kumwambia kweli, hata akinidharau maisha yote.

Lakini nikiingia mle, nitangoja nani amalize kuimba: dada, au yule nisiyemsikia?