Dakika Tano za Msuli

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limekupa nafuu. Mimi sijambo, ila upweke wa huku unanimaliza.

Nasikia shangazi anawatangazia watu kuwa mimi ni daktari wa vyura. Mwambie aache, hakuna chura aliyewahi kupona mikononi mwangu. Kazi yangu ni kutundika msuli wa paja la chura na kuupitishia umeme kidogo, unyanyue kijiwe mpaka uchoke kabisa. Kisha naupumzisha dakika tano na kuupima tena. Misuli mingine hupumzika kwenye maji ya chumvi tu, mingine natia na dawa, tuone kama dawa inarudisha nguvu.

Kutwa niko peke yangu. Mkuu wangu, tunayemwita Mzee Saa, hupita mara moja kusoma daftari, na salamu yake ni kutikisa kichwa. Dawa hukaa kwenye friji ya stoo, huko mwisho wa jengo, na kila msuli wa kutiwa dawa ukichoka naenda kuchota kidogo. Mtunza stoo, mama wa makamo kama wewe, ndiye pekee anayeniuliza nimeamkaje.

Nilikuandikia kwamba dawa imeshinda, misuli inarudi na nguvu maradufu. Mzee Saa alicheka kwa mara ya kwanza, akasema Ijumaa atawasomea wenzake matokeo. Nawe ukaupasha habari ukoo mzima.

Mama, nisamehe. Dawa haikushinda. Nilihesabu dakika tano tangu nilipoitia, na kabla ya hapo msuli ulikuwa umeshapumzika dakika kumi nzima, mimi nikipiga soga na yule mama wa stoo; ile ya maji ya chumvi ilipata tano tu. Nilijua tangu wiki ya pili, nikanyamaza, maana kusema kungenifukuzisha kazi.

Jumatatu nilimweleza Mzee Saa. Alifunga daftari, akaniuliza, “Mlikuwa mnaongea nini muda wote huo?”

Nikamwambia, “Alikuwa ananiuliza habari za mama yangu.”

Hakunifukuza. Alifuta hotuba ya Ijumaa, akaniamuru nianze upya, na jioni ile akaleta friji ndogo akaiweka kando ya meza yangu, na dawa ndani yake. Sasa sina sababu ya kwenda stoo.

Nisalimie wote, hata shangazi. Nijibu upesi, mama, na uniulize nimeamkaje.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba