Kamba Yako ya Kupimia Tairi

Nakuru,
Jumapili, 27 Aprili 1958

Mzee Koros,

Kila barua iliyokujia kutoka kwa ndugu zako nilikusomea mimi, na kila mara uliniamuru vilevile: "Zakayo, anza na mwisho, nijue kama ni ya kulia au ya kucheka." Basi nakutii. Mwisho ni huu: tairi za landrova zimefungwa, zote tano ni sawa, gari limepanda Mau na kushuka, na hakuna aliyekufa. Sasa tulia, nikusomee yaliyo juu.

Tangu tulipokuzika Novemba, mambo ya hapa zahanati hayakubadilika sana, ila mimi ndiye ninayekaa nyuma ya usukani. Kiti kimezama upande mmoja kwa ajili yako na mgongo wangu unaumia, lakini sijaweka mto. Sista bado anakanyaga breki isiyokuwepo kila tukikaribia kona. Mkeo Mama Tabitha hajambo. Nilikwenda Rongai mwezi wa pili nikamsaidia kurudishia ua wa shamba, na ng'ombe yule mwekundu amezaa. Siku ileile mkeo aliniletea kopo lako la tumbaku. Nikadhani ni ugoro. Nilipofungua nikaona kamba yako, imekunjwa vizuri, na lile fundo lako jekundu mwishoni. Akasema, "Alisema hii ni ya mtu wa stoo." Nilitoka nje nikajifanya natazama ndama.

Maana wewe na mimi tunajua jambo ambalo hatukuwahi kulisema kwa mdomo. Leo nalisema.

Liko katika daftari langu la kila siku, tarehe 13 Mei mwaka jana. Ulikuwa umeomba ruhusa ya siku tatu kwa ajili ya harusi ya binti yako. Nyuma yako zililetwa tairi mbili mpya, na mimi, mtunza stoo, nikataka ukirudi ukute kazi imekwisha. Nikazifunga nyuma, zile kuukuu nikaziacha mbele. Ndivyo wafanyavyo watu wa malori, na mimi ujuzi wote niliokuwa nao niliutoa kwa watu wa malori: zilizo nzuri nyuma, penye mzigo. Ulirudi jioni ukiwa bado umevaa koti la harusi. Ukaziangalia, ukaniuliza, "Umepima?"

Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimepima. Kamba ilikuwa imening'inia msumarini, hatua mbili kutoka mkononi mwangu. Niliona aibu kuambiwa nimefanya kazi nusu, nikaona tairi ni tairi.

Kesho yake tukaitwa Mau Narok kumchukua mama mwenye uchungu wa uzazi. Uliweka gia ya kuvuta miguu yote minne tangu tulipoacha Njoro, kwa sababu marram, ile barabara ya udongo na changarawe, ilikuwa imelowa, huku ngumu, huku laini. Tairi za nyuma kubwa, za mbele zimelika; nyuma inataka mzunguko wake na mbele inataka wake, na zote zimefungwa kwenye chuma kimoja. Nilisikia jinsi gari lilivyokuwa likinung'unika. Ulisikia pia, uliinamisha kichwa. Tulipokwisha kumpakia yule mama na kuanza kushuka, shafti ya nyuma, kile chuma kinachozungusha magurudumu, ikakatika, tukakaa matopeni kama kuku juu ya mayai.

Nakumbuka ng'ombe wa Arap Tuwei wakituvuta mpaka barabara kubwa, na yeye mwenyewe akiwaimbia ng'ombe na kututukana sisi kwa zamu. Nakumbuka lori la maziwa. Mtoto alizaliwa humo, katikati ya makopo, Sista amepiga magoti, wewe umeshika turubai juu yao mvua isiwanyeshee. Wakamwita Kiprop kwa sababu ya mvua hiyo. Alilia baada ya muda mrefu sana. Mpaka leo naupima muda ule.

Kabla lori halijaja nilikuona ukienda nyuma ya landrova peke yako na kamba yako. Ulizungusha tairi ya nyuma, ukaweka alama kwa kidole, ukaenda mbele ukazungusha. Ukaikunja kamba. Sista alipouliza ni nani wa kulaumiwa, ulisema, "Ni mimi, Sista. Nilisahau kupima." Kwangu ulisema neno moja tu, tena hukunitazama: "Kesho tutapima pamoja." Na tukapima pamoja, kesho yake na kila wiki, mpaka kifua kilipokuzuia.

Sasa nije kwenye tairi za mwaka huu.

Mwezi wa tatu Sista aliniita. Akasema, kwa ile sauti yake ya kufunga kabati, "Zakayo, tairi imekwisha. Koros aliniambia wewe utachagua. Lakini sikia: gari ikikwama Mau mara moja tena, mimi sitapanda tena huko. Wagonjwa watashuka wenyewe." Unajua maana ya kushuka wenyewe. Ni machela, ni mgongo wa mtu, ni kutwa nzima kwenye baridi.

Sikukimbilia dukani. Nilikaa na daftari zangu za miaka mitatu, nikaandika upya kila pancha ilipotupata na kila mahali tulipokwama. Nilidhani matope ya Mau yatashinda. Hayakushinda. Tulikwama mara chache, tena karibu zote katika wiki zilezile za mvua kubwa. Lakini pancha! Upande wa Gilgil na Elmenteita, penye yale mawe meusi ya kioo yanayokata kama wembe, kurasa zimejaa. Na karibu kila tairi iliyokufa haikufa kwa kutobolewa chini. Ilipasuliwa shavuni, pale ubavuni. Ndipo nikasikia sauti yako wazi kabisa, kama uko chini ya gari: "Tope ni mgeni, jiwe ni jirani." Nilikuwa nimeisikia mara mia nikidhani ni maneno ya kupitishia wakati.

Nikaenda dukani kwa Bwana Nanji, muuza tairi. Alikuwa ameziweka aina tatu mlangoni. Moja ya lami, yenye mistari tu, hiyo niliipita. Ya pili ile ya meno makubwa kama ya trekta, yenye nafasi pana katikati, na ndiyo aliyoipiga kofi. "Kijana, hii iko kifaru! Hii napanda Mau mpaka mbinguni!"

Nikamwambia, "Bwana Nanji, sitaki kufika mbinguni. Nataka kufika Mau Narok na kurudi."

Alicheka mpaka akashika tumbo, lakini hakuiacha. Nikamweleza kama ulivyonieleza: kwamba katika zile nafasi pana jiwe la Elmenteita huingia likakaa, na kila mzunguko huchimba ndani zaidi; kwamba udongo wa Mau ukiwa wa kunata hujaza nafasi hizo, meno yakapotea, ukabaki na mkate wa udongo unaozunguka; na kwamba kwenye lami iliyolowa meno hayo hukanyaga kwa ncha tu. Tairi ya tatu ilikuwa ya mchanganyiko. Katikati vipande vyake vimekaribiana kwa ajili ya barabara ngumu, pembeni vimekatwa kwa kina kwa ajili ya tope. Haitishi ukiitazama. Niliinama nikabonyeza shavu lake kwa kidole gumba kama ulivyokuwa ukifanya, mahali patatu. Lilikataa kuingia. Nikasema, hii.

Halafu nikatoa kamba.

Vijana wa duka walikusanyika. Bwana Nanji akasema, "Sasa wewe fundi wa suruali? Tairi iko namba yake, namba iko sawa yote!" Ni kweli namba ilikuwa moja. Nikazungusha kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Sawasawa. Ya tano, iliyotolewa ndani kabisa ya stoo, ikapungua upana wa vidole viwili. Ilikuwa ya zamani, namba ileile, kimo kingine. Nikapima mara tatu. Akaipima mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi nitaita nyingine kwa treni. Wiki mbili."

Nikamwambia nitangoja, na kwamba sitachukua hata moja mpaka zote tano ziwepo. Ya akiba nayo siku moja itavaliwa, na siku hiyo haitachagua iwe kwenye lami au kwenye mlima.

Sista alikasirika, Mzee. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya Menengai. "Mvua haingoji kamba yako! Funga nne, ya tano weka yoyote. Kwa nini unakuwa mgumu?"

Ningeweza kusema ni utaratibu. Ningeweza kusema wewe ulisema. Nilisimama pale mbele ya meza yake na nikaona kwamba sababu moja tu ndiyo ya kweli. Nikamwambia: shafti ya mwaka jana haikukatwa na Koros. Niliikata mimi. Aliniuliza kama nimepima, nikadanganya, naye akabeba.

Aliweka kalamu chini. Nilidhani ataniambia nirudishe funguo. Akasema, "Najua."

Nikamtazama.

"Koros aliniambia kwamba alisahau. Miaka yote ile hakusahau hata kofia. Hakusahau siku ya kuzaliwa ya mbwa wangu. Nilijua anaficha mtu, na mtu ni nani tena? Mko wawili tu." Halafu akaichukua kalamu. "Ngoja tairi yako."

Kwa hiyo nakupa taarifa, Mzee: uongo wako haukufanikiwa hata kidogo. Ulikuwa dereva hodari na mwongo dhaifu.

Tukangoja. Wiki hizo mbili tulikwenda Bahati tu, hapa karibu, kwa zile kuukuu, polepole. Tairi zilikuja Jumatano. Alhamisi nikapima, nikafunga, nikapima tena zikiwa na upepo. Ijumaa ya juzi, kabla ya saa nne, akaja mtu na baiskeli, matope mpaka kifuani. Kutoka Mau Narok. Mtoto ana kifua, hanyonyi. Sista akauliza mtoto wa nani.

Ni Kiprop.

Sitakuficha, niliogopa mpaka Njoro. Baada ya hapo hofu ilitulia, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mwanzo wa tope nilisimama nikapunguza upepo kila tairi kwa kuhesabu, si kwa kukisia. Sista akahesabu pamoja nami kwa Kiingereza na tukafika mahali pamoja. Nikaweka gia ya miguu minne. Nikasikiliza. Gari halikunung'unika, Mzee. Liliimba sauti moja. Kwenye ule mteremko wa mwaka jana lilipanda likitupa udongo pembeni, na tairi zikawa zinajisafisha kila mzunguko.

Pale juu nani amesimama? Arap Tuwei, na ng'ombe wake sita wamefungwa nira tayari. Akapiga kelele tulipompita, "Nyinyi! Leo hamtaki ng'ombe? Nilimwona yule wa baiskeli akishuka, nikawafunga tangu alfajiri!" Nikamwambia wakalime. Akasema, "Mzee yuko wapi?" Hakuwa amesikia. Ilibidi nisimame kidogo, gari likinguruma, nimweleze. Alivua kofia. Halafu akatembea kuzunguka landrova, akagusa tairi moja baada ya nyingine, akasema, "Basi amepita hapa leo."

Tulimshusha Kiprop na mama yake. Sista alimshika njia nzima. Njoro nilijaza upepo tena kwa pampu ya mkono, nikatoa jiwe moja lililokwama pembeni ya tairi ya mbele, halikuwa limekata. Limo ndani ya kopo lako. Mtoto yuko wodini hapa Nakuru, na tangu jana ananyonya. Leo asubuhi, kabla ya ibada, alinishika kidole akakataa kukiacha. Ana nguvu kama za fundi.

Nilianza na mwisho kama ulivyotaka. Uniruhusu basi nifunge na mwanzo. Siku yangu ya kwanza hapa, nimetoka shule na viatu vimeng'aa, nilikukuta umechuchumaa kando ya gurudumu. Hukunisalimia. Ulininyooshea ncha ya kamba yenye fundo jekundu ukasema, "Wewe msomi, shika hapa. Usiachie mpaka nikwambie."

Hukuniambia niachie, Mzee.

Pumzika huko Rongai karibu na ua ule niliourudishia. Kila Jumatatu nitapima, zote tano, na nikiulizwa kama nimepima, nitajibu yaliyo kweli. Ncha hii nimeishika. Siachii.

Zakayo, wa stoo