Biti Elfu Nne na Mlango wa Uani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sina raha. Bwana Mangi, muuza programu kutoka Mombasa, kaja ofisini kwetu Muyeye na suti katika joto hili! Anasema programu inayofunga mafaili yetu ina ufunguo wa biti 256 — mchezo wa watoto. Yake ina elfu nne na ushei. Bi Widad, mkubwa wetu, ameshashawishika. Mimi nimebaki na hofu. Kompyuta ile ina habari za kila mwanamke tuliyemficha. Kabibi yumo, na mahali alipo. Mumewe ameapa kumuua, na dada wa huyo mume anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Mafaili yakifunguka je?

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia Kanze, anayefundisha kompyuta Kilifi. Kacheka mpaka nikakasirika! Eti hizo ni funguo za aina mbili, kuzilinganisha kwa biti ni kama kupima mafuta kwa mita. 256 yetu yatosha na kusaza. Nisiulize ukubwa. Niulize nani ameikagua programu, na ufunguo unalala wapi.

Nikamuuliza Bwana Mangi. Kukaguliwa? La, ni siri ya kampuni. Ufunguo? Watatutunzia wao, tusisumbuke.

Alhamdulillahi! Debe tupu haliachi kuvuma. Bi Widad kamtilia kahawa ya kumuaga. Leo nimekula wali wangu wote.

Alhamisi, 12 Juni

Kanze kapiga tena. Nenosiri analijua nani? Nikaanza: mimi, Bi Widad, Hope wa mapokezi, jirani anayetuchapia barua… Nikaona haya. Ndivyo tulivyo: mlango wa mbele una komeo la chuma, wa uani hufungwa na nani? Majirani hupita bila hodi, na kumnyima mtu ni kumtukana. Nenosiri nalo tumeligawa kama chumvi.

Nimelibadilisha. Refu! Nitamnong'oneza Bi Widad peke yake. Moyo umetua, tangu Jumatatu sijapumua hivi.

Ngoja — naitwa. Bi Widad yuko uani na majirani, wanachambua mchicha. "Hadiya mwanangu! Hope aniambia kompyuta yakataa nenosiri. Jipya ndilo lipi? Sema kwa sauti, masikio yangu mazito!"

Nimechungulia dirishani. Wifi yake Kabibi yumo, kisu mkononi, kaacha kukata. Nimeitika labeka. Bi Widad sijapata kumnyima kitu maishani mwangu, na anaita tena —