Ngoma za Mama Zetu na Kibao cha Barabara Kuu

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Baridi kali. Upepo wa mlimani unapuliza vumbi mpaka ndani ya chai. Lakini leo sinung'uniki. Makumbusho yetu yamepakwa rangi! Jengo la mahakama ya zamani, lililokuwa la popo na mbuzi wa jirani, sasa ni jeupe, milango ya bluu, na juu ya mlango herufi kubwa: MBUKWENYI NGHAMBALA. Salamu ya Kigogo kwanza, kisha jina la mji wetu; Kiswahili baadaye. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikalitazama kama mzazi siku ya kipaimara.

Mzee Ernest, mwenyekiti wetu wa kamati, kapiga simu. Mkaguzi wa utalii anakuja Alhamisi kutoka mjini. Tukifaulu, tunawekewa kibao kwenye barabara kuu ya Dar, kule Kibaigwa, na jina letu linaingia kwenye ramani ya wageni.

Kibao! Nimekipigania magazetini mpaka mhariri mmoja akaniambia, dada Hilda, upumzishe kidogo huo mlima wako. Sikuupumzisha. Wenye ramani wanachora bahari, wanachora mlima mmoja wenye theluji, wanachora simba, halafu katikati wanaacha patupu, kana kwamba Mungu alipofika kwetu wino ulimwishia. Msafiri anapita Kibaigwa, anaona malori ya mahindi, anadhani ameiona Dodoma yote. Upuuzi mtupu.

Alhamisi, 15 Agosti 2024

Mkaguzi kaja. Anaitwa Anitha. Binti wa miaka thelathini hivi, raba nyeupe — nikamwonea huruma, vumbi letu halina adabu. Kanipa shikamoo ya kweli, si ile ya kutupia. Nikaanza kumpenda.

Nikamzungusha: mawe ya kusagia, mizinga ya nyuki ya magogo, vibuyu vya maziwa, zeze. Anapiga picha, anatikisa kichwa, anasema vizuri sana. Kifua changu kimejaa. Tukaingia chumba cha ngoma.

Mikeka mitupu.

"Ngoma ziko wapi, mama?"

"Kazini," nikamjibu.

Na ni kweli. Mama Priska na wanawake wake wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, walizichukua jana kwa harusi ya mwanawe Raphael. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo: aliyetoa kitu, akiwa na shughuli, anakichukua, kisha anakirudisha. Ngoma za wanawake hawa ni za kupigwa. Nikampeleka harusini ajionee.

Kosa langu ni kutomwandaa. Tulifika wakati wanawake wanazipasha moto, ngozi zikaze. Ngoma zote zimelazwa kuzunguka moto wa nyasi, nyuso zikielekea kwenye ndimi. Binti wa watu akapiga yowe. "Jamani, vielelezo vinaungua!" Kabla sijafungua mdomo kashakamata ndoo ya maji ya kunawa. Mama Priska akamdaka mkono.

"Weka chini, binti. Ukiilowesha hii itasema kama tikiti."

Watu walicheka mpaka bwana harusi akatoka nje kuuliza kuna nini.

Kisha wakapiga. Wanawake wa makamo na vikongwe, ngoma katikati ya magoti, njuga miguuni. Nimesoma vitabu vingi kuhusu muziki wa watu wengine. Nitajieni okestra inayotikisa mbavu namna ile! Anitha aliacha kuandika. Nilimwona.

Lakini hukumu ni hukumu. Akasema kwa heshima zote: viwango ni viwango. Ngoma kongwe hizi zikae ndani ya kabati la kioo, zifungwe, zisitoke, zisiguswe, moto usizisogelee. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya tamasha letu la utamaduni. Akizikuta zimefungwa, tunapata kibao. Akizikuta nje, ripoti yake itasema Nghambala haina makumbusho, ina stoo ya kuazimia vitu.

Stoo!

Jumapili, 18 Agosti 2024

Kikao baada ya ibada. Nilisimama kwanza, kama kawaida yangu. Nikasema makumbusho si jokofu. Nikasema hao wanaotufundisha kutunza ngoma hawajui hata kuzishika. Makofi. Nikakaa nimeshinda.

Ndipo Mzee Ernest akauliza, taratibu, bila hata kusimama: "Dada Hilda, unataka kushinda au unataka kibao?"

Mzee huyu. Mkimya wiki nzima, halafu anakuchoma pale pale.

Mama Priska hakuhutubia. Alisema tu, fungieni mawe ya kusagia, mawe hayana haraka. Watu wakacheka. Halafu zikaombwa kura.

Niliwafikiria vijana wetu waliosomea kuongoza wageni, wanaokaa kijiweni wakimngoja mgeni asiyejua kama tupo. Nikaifikiria ramani na pale patupu pake. Mkono wangu ukapanda upande wa kioo. Mimi! Kioo kikashinda.

"Hata ile ya Evarista?" Mama Priska akaniuliza.

Ngoma kubwa kuliko zote ilikuwa ya mama yangu, Evarista. Mama Priska ndiye aliyekaa kulia kwake, harusi zote, mavuno yote, mpaka mama alipofariki. Nilisema ndiyo, hata hiyo. Sauti yangu, iliyozoea kugombana na mawaziri magazetini, ilitoka nyembamba.

Jumanne, 20 Agosti 2024

Kabati limefika. Kioo hakijapata ufa — ajabu kwa barabara yetu ya kupanda mlima. Fundi Marko kafanya kazi safi, hata mjini sijaona mfano wake. Ngoma zinang'aa ndani. Nimeandika lebo kwa mkono wangu: "Ngoma ya Evarista. Tafadhali usiguse."

Nimeisoma kwa sauti. Haina kosa. Imenichukiza.

Ijumaa, 23 Agosti 2024

Mji umejaa! Nyumba za wageni hazina kitanda, watu wanalala kwa jamaa. Wa Hombolo wameleta zabibu. Kwaya ya Mvumi imefika na sare mpya, wanafanya mazoezi shuleni, mlima wote unawaitikia. Wazungu wawili wenye baiskeli wamepotea njia wakaja kwetu, na sasa hawataki kuondoka. Nani alisema hapa hakuna kitu? Nani? Aje aseme leo, nimsikie!

Nimekutana na Mama Priska sokoni. Shikamoo mama.

"Marahaba, mkaguzi."

Akaenda zake na nyanya zake.

Jumamosi, 24 Agosti 2024

Naandika nikiwa ndani ya makumbusho, kwenye meza ya mapokezi. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Asubuhi ilikuwa ya fahari tupu. Watu mpaka juu ya ukuta wa shule. Zeze, kwaya, watoto wakieleza historia ya mlima bila kusoma popote. Mgeni rasmi alisimama kupiga makofi. Anitha yuko mstari wa mbele. Alizikagua ngoma mapema, akaweka alama ya vyema. Kibao kiko njiani.

Kisha ikaja zamu ya muheme. Mzee Ernest alikuwa na mpango: video! Kitambaa cheupe, projekta, na Mama Priska na wenzake wakipiga ngoma kwenye picha ya mwaka jana. Nao wenyewe, hai, njuga miguuni, wamesimama pembeni wakijitazama. Hakuna aliyepiga makofi. Waliondoka mmoja mmoja, wakaja huku nyuma ya makumbusho na mafurushi ya nyasi kavu.

Mzee Ernest akanikimbilia na funguo. Kaa ndani wewe, akasema, mimi watanishinda.

Dirisha liko wazi. Moshi unaingia. Nasikia kila neno.

Mzee Ernest: zimeni moto, mgeni rasmi anaona!

Mama Priska: zima video yako kwanza.

Sasa ni sauti ya Anitha. Anauliza wanapasha nini, mbona hakuna kitu hapo. Mama Priska anamjibu kwamba wanawangoja wenzao.

"Wenzenu gani?"

"Waliofungwa."

Kicheko. Anitha hacheki. Nyasi zinalia motoni. Kisha anauliza, si kwa sauti ya ofisini: "Moto wa nyasi unakaa sana, mama?"

"Haukai, binti. Siku nyingine, tukiuwasha, ngoma huwa zimeshafika."

Hatua kwenye ngazi. Za watu wawili, labda zaidi. Mlango unabishwa. Hodi hodi. Simtambui anayebisha, na sijui amekuja kuzilinda au kuzichukua.

Kutoka hapa naiona ngoma ya mama. Katikati ya ngozi pana doa jeusi, la viganja vyake. Juu ya doa, kwenye kioo, uso wangu.

Hodi tena. Funguo ni mbili, wa mlango na wa kabati. Hao wa nje wanautaka wa mlango. Mimi nimeshika wa kabati.

Waningoje kidogo.