Swali Ambalo Hakuna Aliyekuuliza

Kata ya Gorong'a,
Tarime, Mara.
11 Agosti 2024

Mpendwa Baba Mdogo Matiko,

Shikamoo. Na tena shikamoo, maana hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukuamkia tangu nizaliwe, na moja haitoshi. Hujambo? Mama watoto na wale wawili hawajambo? Habari zenu kidogo nimezipata kwa Salvatori, mchimbaji aliyekuja kwenye machimbo yetu ya Matongo kutoka huko kwenu Mpanda. Sisi huku ni wazima. Mahindi tumeshavuna, na ulezi mwaka huu umekubali sana.

Mimi ni Wegesa, binti wa kwanza wa kaka yako. Najua simu ukisikia tu ni ya nyumbani unakata, ndiyo maana nimeamua kuandika kwa mkono. Tafadhali usiichane kabla ya kufika mwisho.

Nipo chuo Mwanza, mwaka wa pili, nasomea uandishi wa habari. Mwezi uliopita wanafunzi wa vyuo mbalimbali tuliitwa kwenye warsha ya siku kumi hapa Tarime mjini. Mwalimu wetu anaitwa Nice, mwembamba, mkali kama pilipili. Siku ya kwanza alinituma sokoni kumhoji mama muuza ndizi. Nikamwamkia, nikamuulizia watoto, shamba, ng'ombe, wakwe, mpaka muda ukaisha sijauliza hata bei ya mkungu. Darasa zima lilinicheka. Nice akasema, "Wegesa, wewe umekwenda kutembelea ndugu, hukwenda kazini."

Kisha akatupa zoezi. Kila mtu achague habari moja ambayo kwao inasemwa kuwa kweli, halafu amtafute aliyeiona kwa macho. Nisamehe, Baba Mdogo, mimi nilichagua yako. Nimekua nikisikia kwamba ulifungua lango la zizi ukawapa wezi ng'ombe kumi na nne wa babu, na kwamba ndiyo sababu ulifukuzwa. Nikajua nitamaliza mapema, nikale.

Nikaanza na jirani, mzee Werema. Yeye aliambiwa na Shangazi Boke. Shangazi aliambiwa na baba. Baba siku ile alikuwa Sirari, basi aliambiwa na nani? Na mzee Werema! Jamani, nilibaki nimeshika daftari tu. Miaka yote hii walikuwa wakizungushiana neno moja, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu.

Nice aliirudisha kazi yangu. Chini aliandika maswali mawili kwa kalamu nyekundu: nani mwingine alikuwa nyumbani siku hiyo, na anayelaumiwa mwenyewe amesema nini?

Nani mwingine? Mama alikuwepo. Aibu ilinishika. Nimelelewa na mama, na sikuwahi kufikiri kwamba naye anaweza kuwa na habari. Wakati ule alikuwa mke mgeni, na unajua mambo ya kwetu, mke mgeni hafungui mdomo mbele ya baba mkwe. Kwenye kikao cha wazee kilichokufukuza hakuna aliyemgeukia.

Nilimkuta anapepeta ulezi. Nikamuuliza tu, "Mama, siku ile ya ng'ombe uliona nini?" Halafu nikanyamaza, kwa sababu tulifundishwa kwamba ukishauliza usimsaidie mtu kujibu. Mama akaweka ungo chini, akaanza kulia.

Alinieleza yote. Jioni ile damu ilianza kumtoka, na alikuwa na mimba ya miezi minne. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, akaogopa wakijua na hii inatoka watamrudisha kwao. Mume hayupo, baba mkwe hasemeshwi. Akakuita wewe, shemeji yake, nyuma ya jiko. Alikuona ukipachika miti yote mitatu ya lango na kuikaza kwa kamba, ndipo ukaondoka kwa miguu kwenda Nyamwaga kwa mkunga. Ulirudi alfajiri na mizizi ya dawa mfukoni, ukakuta yowe limeshapigwa na zizi ni tupu.

Mama anasema hawakukuuliza ulikuwa wapi. Walikuuliza umemuuzia nani. Ungeweza kujitetea kwa sentensi moja, lakini ulikuwa umemwahidi hutasema, na hukusema. Ukaondoka na shati ulilovaa.

Mimba ile ndiyo mimi, Baba Mdogo. Tulilia mimi na mama mpaka kuku wakala ulezi wetu wote, na hatukuwafukuza.

Nani alifungua lango bado sijui, na nisichokijua sitakiandika. Kazi hiyo sikuirudisha kwa Nice. Nilimwomba nibadilishe habari, nikaandika ya tembo wanaomaliza mihogo ya watu kule Ikoma. Akanikazia macho, kisha akasema sawa. Lakini yale ya mama nilimsomea mwenyewe, neno kwa neno, kama tulivyofundishwa, nikamuuliza kama nimeandika alichosema. Akasema, "Msomee na baba yako. Nimechoka kukaa na hilo jambo peke yangu."

Nikamsomea baba. Siku tatu alichunga mwenyewe, anarudi, anakula, analala. Mama alishindwa kula vizuri kwa hofu. Siku ya nne baba akamwambia mbele yangu, "Si ungeniambia mimi?" Mama akamjibu, "Si ungeniuliza?"

Sasa limebaki swali la pili la Nice. Nakuuliza mimi, ambaye ulitembea usiku kucha kwa ajili yangu: ilikuwaje kwako siku ile, na miaka hii yote umeishije? Nijibu kwa kurasa kumi au kwa mstari mmoja. Hata ukinitukana nitapokea, tutakuwa tumestahili.

Shangazi Boke anakusalimu sana. Kila akitaja jina lako anaanza upya kulia. Mzee Werema naye anakusalimu, ila kwa sauti ndogo, na ni haki yake aone aibu. Mama amesema hana salamu ya kukutosha, kwa hiyo ametuma ulezi.

Nilitaka kukuandikia uje nyumbani. Baba amenikatalia. Amesema niandike hivi: usije. Nilishtuka, nikadhani bado ana moyo ule ule. Akaniambia, "Mura yule, mdogo wangu, ndiye aliyefukuzwa. Hana sababu ya kutembea. Nitakwenda mimi."

Kwa hiyo barua hii hukuletewa na mtu wa posta. Baba amesema atampa mmoja wa watoto wako aiingize ndani, yeye abaki uani na mfuko wa ulezi, kwa sababu hataingia nyumbani kwako kabla hujamkaribisha. Amekuwa mzee, nywele zote nyeupe, na njia nzima atakuwa anatafuta neno la kuanzia. Sidhani kama atakuwa amelipata.

Baba Mdogo, inuka sasa. Kaka yako amesimama nje.

Mungu awape nguvu wote wawili.

Mimi ninayekupenda hata kabla ya kukuona,

Wegesa